Zimwi Likujualo: Somo Kutoka Sinema za Kutisha za Mfuko Mdogo

Najua wengi wenu mkilipata jarida hili huanza na ukurasa wa vichekesho, kisha salamu za wanaoondoka, na makala marefu mnayaacha yazeeke. Haya yangu nakuomba uyasome hadi mwisho, maana yamenigharimu.

Yote yalianza Jumamosi moja ya muhula wa pili. Baada ya chakula cha jioni, meza za bwalo zilisukumwa kando, shuka jeupe likatundikwa ukutani, tukaonyeshwa sinema ya Kimarekani ya mwaka 1968 iitwayo Night of the Living Dead. Ni sinema ya wafu wanaoinuka na kula watu. Haina rangi, ni nyeusi na nyeupe tupu. Mwanzoni sisi wakubwa tulicheka. Baada ya nusu saa hakuna aliyecheka. Usiku huo, saa nane hivi, mvulana mmoja wa kidato cha kwanza katika bweni letu alipiga ukemi uliotuamsha sote. Mimi ndiye niliyemcheka kwa sauti kubwa kuliko wote. Nakiri mapema, kwa sababu nitalirudia jambo hilo.

Wiki mbili baadaye Chama chetu kikaandaa mjadala: "Sinema za mazimwi hazina faida yoyote kwa mwanafunzi." Nilikuwa msemaji mkuu wa upinzani. Jamani, tulipigwa! Kura 41 kwa 17. Hoja zangu zilikuwa kwamba sinema hizo zinasisimua na kwamba kila mtu anazipenda, basi. Msemaji wa upande wa pili akauliza, "Na pombe je? Si watu huipenda pia?" Ukumbi ukaangua kicheko. Nilipokwenda kulalamika kwa mlezi wa chama, alinijibu, "Ulitetea kitu usichokichunguza. Nenda ukachunguze, kisha utuandikie." Haya basi, mwalimu, nimechunguza.

Swali langu ni moja. Kwa nini sinema iliyotengenezwa kwa pesa kidogo, yenye zimwi la mpira na damu ya bandia, bado hutazamwa miaka 60 au 80 baadaye, ilhali nyingi zilizomeza mamilioni zimesahaulika?

1. Zimwi si mgeni kwetu

Kila aliyesoma fasihi simulizi anazijua ngano za mazimwi. Zimwi lina jicho moja, au lina mdomo wa pili kisogoni uliofichwa na nywele. Hujifanya kijana mtanashati, likaja kuoa msichana aliyewakataa wachumba wote wa kijiji. Wakamba huliita eimu, Wagikuyu huliita irimu. Ukiyasikiliza majina hayo utaona kwamba yeye na zimwi wetu wa Kiswahili ni wa ukoo mmoja.

Nyanya yangu, huko Ukambani, alikuwa fundi wa ngano hizi. Hakuwa na picha wala mavazi ya kuigizia. Alikuwa na moto uliokaribia kuzimika, na mkono wake. Akifika mahali pa zimwi aliteremsha sauti, akaupeleka mkono polepole kisogoni, akanyamaza. Hakutueleza meno yalikuwa mangapi wala yalikuwa marefu kiasi gani. Miaka mingi baadaye mimi na binamu yangu tuliamua kulichora zimwi la nyanya. Langu lilikuwa na mdomo kama wa mamba. Lake lilikuwa na mdomo mdogo kama wa mtoto mchanga, usio na jino hata moja, na nakiri kwamba ndilo lililonitisha zaidi. Tukabishana ni nani aliyesikia vibaya. Kumbe hakuna aliyesikia vibaya! Nyanya alituachia nafasi, na kila mmoja wetu akaijaza kwa lake.

Shika hapo, tusafiri kidogo.

2. Umaskini uliozaa giza

Mwaka 1942 kampuni ya RKO ya Marekani ilimpa mtayarishaji mmoja, Val Lewton, kazi ya kutengeneza sinema za kutisha kwa pesa kidogo. Wakubwa wake walimkabidhi jina tu: Cat People, yaani watu-paka. Hadithi atafute mwenyewe. Gharama yote ilikuwa karibu dola 135,000, kiasi kidogo hata kwa Hollywood ya siku hizo. Ngazi ya nyumba inayoonekana ndani yake ilikuwa imejengwa kwa ajili ya sinema nyingine, The Magnificent Ambersons, wakaitumia tena.

Hadithi yenyewe inamhusu Irena, mchoraji kutoka Serbia anayeishi New York. Anaamini kwamba akishikwa na mapenzi au wivu atageuka chui mweusi. Sasa, mwanamke utamgeuzaje chui bila pesa? Lewton na mwelekezi wake, Jacques Tourneur, waliamua kulificha jambo lenyewe gizani karibu sinema nzima.

Kuna mahali Alice, mwanamke ambaye Irena anamwonea wivu, anatembea peke yake usiku kando ya ukuta wa bustani. Nyuma yake twasikia viatu: ko, ko, ko. Kisha viatu vinanyamaza. Alice anageuka, haoni mtu. Anaharakisha. Taa ya barabarani, giza, taa, giza. Ghafla unasikika mlio mkali kama wa mnyama anayeruka, nawe unaruka naye. Kumbe ni basi limefunga breki mbele yake! Hadi leo wajuzi wa sinema huiita mbinu hiyo "basi la Lewton".

Baadaye Alice yuko ndani ya bwawa la kuogelea, taa zimezimwa. Mwangaza wa maji unacheza ukutani, kivuli kinapita, mngurumo unasikika. Taa zinapowashwa, vazi aliloliacha kando ya bwawa limeraruliwa vipande vipande.

Hebu tuhesabu vilivyotumika: viatu, breki za basi, maji, kivuli na kitambaa kilichochanika. Vyote ni vitu vya bei rahisi. Je, chui aliletwa na nani? Ni wewe uliyekaa kitini. Lewton alifanya kwa kamera kile alichofanya nyanya yangu kwa mkono wake kisogoni.

3. Zimwi lililotolewa juani

Nisikudanganye, msomaji, kwamba kila sinema ya bei rahisi ni nzuri. Mwaka 1956 Roger Corman, bingwa wa kutengeneza sinema haraka haraka na kwa pesa kidogo, alitoa It Conquered the World. Zimwi lake latoka sayari ya Zuhura. Fundi wake alikuwa Paul Blaisdell. Umbo lake ni kama tango kubwa lililosimamishwa wima, likapewa mikono ya kaa, macho ya hasira na meno. Kwa muda mrefu limejificha pangoni, na twaogopa kiasi. Mwishowe linatoka nje mchana kweupe. Lo! Hofu yote ikayeyuka. Mimi nilicheka mpaka nikatokwa na machozi.

Tofauti na Cat People iko wazi. Zimwi likishaonekana lote, nafasi yako ya kuwazia imefungwa. Utakubali kile ulichoonyeshwa, na ulichoonyeshwa ni tango.

Hata hivyo wapo wanaolipenda tango hilo mpaka leo, nami sasa ni mmoja wao. Kwanza, kumcheka pamoja anayetutisha ni aina ya ushindi. Pili, mle ndani twauona mkono wa fundi. Blaisdell aliunda mazimwi yake kwa mikono, na hili aliingia ndani mwenyewe akalichezesha. Unajua kuna binadamu mle anatokwa na jasho kwa ajili yako. Ni kama mchezo wetu wa kuigiza wa mwaka jana, ambapo ndevu za mfalme zilikuwa pamba. Sote tulijua ni pamba, na sote tulimshangilia mfalme. Sinema ya mamilioni hukuambia, "Tazama tulivyo na uwezo." Ya mfuko mdogo hukuambia, "Tusaidiane." Ukishasaidia, kitu hicho kimekuwa chako kidogo.

4. Nyumba moja, usiku mmoja

Sasa turudi kwa ile sinema ya bwaloni. Mwelekezi wake, George Romero, alikuwa na umri wa miaka 28. Yeye na marafiki zake walikuwa wakitengeneza matangazo ya biashara mjini Pittsburgh. Walianza kwa watu 10 kuchanga dola 600 kila mmoja, kama sisi tunavyochanga pesa za safari ya Chama. Hadi mwisho sinema iligharimu kama dola 114,000. Damu ilikuwa sharubati ya chokoleti, kwa sababu katika picha nyeusi na nyeupe nani angejua? Nyama waliyokula wafu ilitoka buchani. Wafu wenyewe waliigizwa na marafiki na wenyeji.

Hapo mwanzo iliitwa Night of the Flesh Eaters. Jina lilipobadilishwa, tangazo la hakimiliki lililoandikwa pamoja na lile la zamani likaachwa nje. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, kosa hilo dogo liliifanya sinema kuwa mali ya umma. Ndiyo sababu shule yetu haikulipa hata senti. Kwa akina Romero ilikuwa hasara kubwa, lakini hakuna aliyeweza kuifungia kabatini. Ilionyeshwa huku na huku, ikaigwa, na wafu wengi watembeao wa sinema za leo ni wajukuu zake. Ajabu ni kwamba neno zombi halitamkwi humo hata mara moja.

Lakini ni nini kinachotisha? Si wafu. Wafu wale wanajikokota. Hata mimi nisiyewahi kushinda mbio za shule ningewapita. Kinachotisha kimo ndani ya nyumba. Watu saba wamejifungia katika nyumba ya shambani. Ben anataka wakae juu, wapigilie mbao milangoni. Harry Cooper anataka wajifiche kule chini ya nyumba. Wanagombana usiku kucha. Huko chini, juu ya meza, amelala Karen, binti wa Cooper, aliyeumwa na mmoja wa wafu. Mabishano yakizidi juu, mtoto anazidiwa chini.

Mwishowe Ben pekee anaiona asubuhi. Kikosi cha watu wenye bunduki kilichokuja kuokoa kinamwona dirishani, kinadhani ni mfu, kinampiga risasi. Mwigizaji huyo, Duane Jones, alikuwa Mmarekani mweusi. Romero alieleza kwamba Jones alichaguliwa kwa kuwa alikuwa bora kuliko wote waliojaribiwa. Lakini sinema ilianza kuonyeshwa Oktoba 1968, na Martin Luther King alikuwa ameuawa tarehe 4 Aprili mwaka uo huo. Watazamaji walikuja na mwaka wao moyoni. Mtu mweusi akapigwa risasi na watu wenye bunduki, nao wakaona habari za nchi yao. Ni ile nafasi tena, msomaji. Aliyeijaza ni mtazamaji.

Hapa sina budi kuwapa wapinzani wangu haki yao. Januari 1969 mhakiki Roger Ebert wa Chicago aliandika jinsi alivyoitazama sinema hii mchana katika ukumbi uliojaa watoto wasio na wazazi. Mwanzoni walipiga kelele za furaha. Kisha wakanyamaza. Mwishoni msichana mdogo aliyekuwa karibu naye alikaa kimya, akilia. Niliposoma hayo nililikumbuka bwalo letu, nikakumbuka na ule ukemi. Nikaona kwamba siwezi kuandika makala haya bila kumtafuta yule mvulana.

5. Ukemi wa bwenini

Nilimkuta kwenye mabomba akifua soksi. Ameniruhusu kuandika tuliyozungumza, mradi nisimtaje. Nilianza kwa kumwomba msamaha kwa kumcheka. Alinitazama kama mtu anayengoja mzaha ufike mwisho.

"Uliwaogopa wafu?" nikamwuliza.

"Hapana, kaka. Wafu ni watu wamepakwa unga tu."

"Sasa ulipiga ukemi wa nini?"

Alikamua soksi, akazikunjua, akazikamua tena. "Yule mtoto wa kule chini," akasema. "Wakubwa wanagombana, na yeye yuko pale mezani. Hakuna mtu anamwangalia vizuri."

Kisha akanieleza. Dadake mdogo alikuwa mgonjwa tangu likizo. Baba na mama walikuwa wakivutana juu ya pesa za hospitali, kila mmoja akisema mwenzake ndiye aliyezitumia vibaya. Yeye alirudi shuleni siku ya kufungua akiwaacha wakivutana. Kwa wiki tano hakuwa amemwambia mtu yeyote. Angeanzia wapi? Katika bweni letu, mono akilalamika kwamba uji ni mwepesi twamcheka, sembuse hilo.

Sikuwa na la kusema. Nilimpeleka kwa mwalimu wa ushauri, naye akamruhusu apige simu nyumbani jioni iyo hiyo. Dadake alikuwa amekwisha kulazwa na anaendelea kupata nafuu. Wazazi sijui, wala si juu yangu kuuliza.

Nilirudi bwenini nikifikiria. Mimi niliketi bwaloni nikaona wafu. Yeye aliketi hatua tatu kutoka kwangu akamwona dadake. Sinema ni ile ile, shuka ni lile lile. Romero, ambaye hakuwa na pesa za kujaza picha yake kwa mazimwi ya ajabu, aliijaza kwa nyumba, kelele za wakubwa na mtoto mgonjwa. Mvulana huyu akaingia humo na la kwake, lile ambalo halikuwa na sura, likapata sura.

6. Jibu langu

Wahenga walinena kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Zamani niliichukulia methali hii kuwa ya jamaa na marafiki tu, na ndivyo inavyotumika. Leo naiona pia katika sinema hizi. Zimwi la mfuko mdogo hudumu kwa kuwa linatujua. Halina uwezo wa kutuonyesha kila kitu, basi linatuomba tulete vya kwetu. Kizazi kimoja kikaleta wivu, kingine kikaleta bunduki za mwaka 1968, na mtoto wa kidato cha kwanza akaleta dadake. Mwaka 1999 vijana wengine Wamarekani walitoa The Blair Witch Project, ambamo mchawi haonekani kabisa, na waigizaji ndio walioshika kamera wenyewe msituni. Walianza na makumi ya maelfu ya dola tu. Sinema ikaingiza zaidi ya dola milioni 240 duniani. Pesa hizo zililipwa na watu waliokwenda kutazama kitu kisichoonekana!

Lakini jambo linalofungua moyo wa mtu hivyo halifai kuachiwa mtoto peke yake gizani. Hapo ndipo nilipokosea katika mjadala. Nilitetea sinema nikasahau msimulizi. Nyanya hakuwahi kutusimulia zimwi kisha akaondoka. Ngano ikiisha aliuchochea moto, akatuuliza ni nani kati yetu angemkataa yule kijana mtanashati na kwa nini, tukajibizana mpaka usingizi ukatuchukua wote tukiwa tumembana pande zote. Bwaloni sisi tulifanya nini? Taa ziliwashwa, kiranja akapuliza filimbi, "Bwenini wote!" Wadogo wakaenda kulala na mizigo yao.

Kwa hivyo naomba Chama kipokee pendekezo hili badala ya marufuku. Sinema za kutisha ziendelee, zichaguliwe na mwalimu, na asiyetaka asilazimishwe kukaa. Baada ya kila moja, taa ziwashwe na tukae dakika 15, wakubwa kwa wadogo, tuulizane tuliona nini. Atakayecheka jibu la mwenzake na apewe zamu ya kufagia bwalo. Mimi niko tayari kuanza na ufagio, kwa lile deni langu.

Na kwa wanaojiandaa kwa insha, beba na hili. Ukitaka taharuki, usinirundikie damu na vichwa vitatu. Nipe viatu vinavyonifuata, kisha vinyamazishe.

Maswali ya kujadili

(a) Taja ngano moja ya zimwi kutoka kwenu. Ni sehemu gani ya zimwi ambayo msimulizi hakuieleza?

(b) "Zimwi likionekana lote, hofu huisha." Jadili ukitumia mifano miwili.

(c) Andika aya moja ya taharuki bila kutumia maneno haya: damu, mzimu, kifo, giza.

(d) Swali hili usiliandike popote. Ulipoitazama sinema ile ya bwaloni, ulimwona nani? Mtafute mtu unayemwamini, umwambie.